Namba Moja Hakufika

Filister Awuor aliandika jina lake kwenye mstari wa kwanza kabisa wa daftari, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa na miaka arobaini na tisa: herufi kubwa, zimesimama mbalimbali kama miche ya mahindi baada ya kupaliliwa. Namba moja, Filister Awuor. Kisha akaliweka daftari chini ya Biblia, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia Mungu jambo ambalo hakuwa amemwambia binadamu yeyote.

Jambo lenyewe lilikuwa uvimbe. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa, mgumu kama punje ya njugu, na haukuuma hata kidogo. Aliugundua kwa sababu ya kusoma. Sista Helen, nesi wa kutoka Homa Bay, alikuwa amewaletea akina mama wa kanisa lao la Rodi Kopany karatasi yenye michoro na maelezo ya saratani ya matiti. Filister alikuwa mwenyekiti wao, basi yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwasomea wenzake. Na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa ngumbaru asiyetaka kuaibika mbele za watu, aliifanyia mazoezi nyumbani wiki nzima. Inua mkono wa kushoto. Tumia vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alisoma, akainua, akatumia. Siku ya tatu vidole vikasimama.

Mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika Milka, aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya. Milka alisema ana jipu, akalifunga kitambaa, akaimba na hicho kitambaa mpaka harufu ikamtoa kwenye kwaya. Walipolifukia kaburi, Filister aliapa kwamba hakuna mama mwingine wa kanisa hilo atakayekufa amejifunga kitambaa. Ndipo akaanza kazi. Jumapili kwa Jumapili akina mama walileta kuku, ndizi na gorogoro za omena, yaani mikebe ya dagaa, vikapigwa mnada baada ya ibada, ili zipatikane pesa za kulipia gari na chakula cha watu wa hospitali watakaokuja siku moja kuwapima wote. Waliosita aliwafuata hadi shambani. Mficha maradhi, aliwaambia, kilio humfichua. Alilirudia neno hilo mpaka Benta, muuza viazi ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, akasema kwamba siku askofu akija, Nyar Rusinga atamhubiria habari za matiti. Nyar Rusinga ndivyo walivyomwita, yaani binti wa Rusinga, kwa kuwa alizaliwa kisiwani huko.

Majina yalifika arobaini. Siku ikawekwa: Jumamosi ya pili ya Aprili, mwaka wa 1996. Filister hakwenda hospitali peke yake kabla ya siku hiyo, kwa sababu Sista Helen alikuwa mwanamke, alikuwa ameahidi kuja, na zilibaki wiki tatu tu. Tena kulikuwa na sababu nyingine. Katika hospitali ya Homa Bay, chumba cha kuwapima wagonjwa kilikuwa na Javan.

Javan alikuwa ofisa wa kliniki, ingawa watu wote walimwita daktari. Pia alikuwa mume wa Lorine, binti pekee wa Filister. Tangu siku ya mahari, Filister hakuwa amempa mkono wala kula naye meza moja. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kwenye nyasi mwenzake apite. Hiyo haikuwa chuki. Ndiyo heshima ya mkwe, na Javan aliishika vizuri kuliko vijana wengi waliosoma. Mkwe kuuona mwili wa mama wa mke wake lilikuwa jambo lisilotajwa. Wazee walisema huleta chira, laana inayokondesha, na kwamba chira hiyo haimpati aliyeona wala aliyeonwa, bali humwendea binti tumboni. Filister mwenyewe alisimama kanisani mara nyingi akasema chira ni mambo ya watu wasiomjua Kristo. Lakini Lorine alikuwa amezika watoto wawili, na mwezi huo wa Aprili alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Jumamosi ilipofika, akina mama walikaa kwenye mabenchi tangu asubuhi, wameoga, wamevaa nguo za Krismasi. Gari likaja. Mlango ukafunguliwa, akashuka Javan.

Alipomwona mkwewe aliinamisha macho, akamsalimu akiwa mbali. Maelezo alimpa mchungaji. Kipindupindu kilikuwa kimezuka Rusinga, Sista Helen na wenzake wamepelekwa huko kwa ghafla, naye ameomba ruhusa aje yeye, akina mama wasirudi nyumbani bure baada ya kuhangaika kiasi hicho. Alisema hivyo kwa unyenyekevu, kama mtu aliyeleta zawadi.

Shuka lilitundikwa katika chumba cha mchungaji. Kadi zilizoandikwa namba zikapangwa mezani, na Filister, mwenyekiti, akaketi mlangoni na daftari lake magotini, awaite mmoja mmoja. Alilifungua. Aliutazama mstari wa kwanza muda mrefu, mpaka wenzake wakadhani kusoma kumemshinda.

"Namba mbili," akaita. "Benta."

"Na namba moja?" mmoja wao akauliza.

"Hakufika."

"Mnaona," Benta akawaambia wenzake akiinuka, "kuna watu wanapenda kuandikwa tu, hata mbinguni wataandikwa wasiende."

Wakacheka. Filister naye alicheka, akaipenyeza kadi ya kwanza katikati ya Zaburi.

Jioni Javan alitoka akipangusa mikono. Alisimama akiwa amempa mkwewe ubavu, kama ilivyopasa, akauliza kama wote wameisha. Filister akasema wameisha.

"Kadi zangu zinaanzia mbili, Mama. Huyo wa kwanza anakaa mbali? Naweza kumsubiri."

"Usimsubiri," Filister akasema.

Katika wale thelathini na tisa, mmoja alionekana na tatizo, naye alikuwa Benta. Javan alimwandikia barua, akapelekwa Kisumu, akakatwa titi moja, na baada ya miezi miwili alikuwa sokoni tena nyuma ya viazi vyake. Wateja waliokuwa wakibishana naye juu ya kipimo aliwaambia waachane naye, kwani tangu akatwe hata mizani yake imeegemea upande mmoja. Filister alikuwa akiuza omena hatua kumi tu kutoka hapo. Alikisikia kila kicheko.

Hakukaa bure. Alimwandikia Sista Helen barua, barua ya kwanza aliyopata kuandika maishani mwake, lakini Helen alikuwa amehamishwa wilaya nyingine, na jibu halikuja. Mwezi wa Juni alikwenda Migori, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Nyuma ya stendi alipata kliniki ya mtu mmoja aliyevaa koti jeupe. Mtu yule hakumwambia avue. Alisikia neno uvimbe, akasema ni jipu la ndani, akamdunga sindano begani. Filister alimpenda kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hakumvua. Alirudi kwake kila baada ya wiki mbili, omena za wiki nzima zikaishia kwenye sindano, na punje ya njugu ikawa yai la kanga.

Kumwambia Benta hakuweza. Angemwambiaje kwamba yule aliyependa kuandikwa tu ni yeye? Kumwambia Lorine kulikuwa ni kumwambia Javan. Basi alimwambia Mungu peke yake, kila usiku, na maombi yake yalikuwa mafupi: mtoto kwanza. Mtoto wa Lorine azaliwe mzima, halafu mimi nitasema. Alifikiri amemtolea Mungu sadaka. Kufikia mwezi wa Septemba ngozi ya titi ilikuwa imekunjamana kama ganda la chungwa. Aliujua mchoro huo. Ulikuwa wa nne kwenye karatasi, na yeye ndiye aliyewasomea wenzake maneno yaliyo chini yake.

Mtoto alizaliwa Oktoba, msichana, mzima, mwenye sauti. Wakampa jina la Liz. Filister aliposikia alicheza dansi jikoni peke yake, kisha akakaa chini, kwa kuwa kidonda kilikuwa kimekwisha kufunguka.

Walimleta mtoto Novemba. Javan alibaki nje kwenye kigoda chini ya paa, kama kawaida yake, na Lorine akaingia ndani na furushi lake jeupe, akamlaza mtoto kwenye kifua cha bibi yake, upande wa kushoto. Kichwa cha mtoto kiligonga. Filister alitoa sauti ambayo Lorine hakuwahi kuisikia kwa mama yake. Lorine alimchukua mtoto haraka, akamlaza kitandani. Halafu akasimama akinusa. Akaifungua leso ya mama yake, kisha blauzi, kisha kitambaa, na akaanza kulia kwa sauti ya chini.

Nje kigoda kilisogea. Javan hakuingia. Alikuja hadi dirishani, akageuza mgongo, akamwuliza mke wake analia nini. Lorine akamwambia. Javan akaanza kuuliza. Ukubwa wake ni kama nini? Ngozi ikoje? Chuchu imeingia ndani? Gusa kwapani, kuna vinundu? Vingapi? Je, vinasogea, au vimeshikamana? Lorine aligusa na kujibu, aligusa na kujibu. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Filister alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeinuliwa kama alivyofundisha, akiusikiliza upimaji wake. Maswali yalipokwisha akasema, akielekeza uso dirishani:

"Kumbe inawezekana hivi."

Javan akasema akiwa bado amegeuza mgongo:

"Mama, siku ile ningesimama nje ya shuka. Benta angeshika, mimi ningeuliza tu. Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua kwamba daktari anaweza kusimama nje."

Walimpeleka Kisumu kesho yake. Daktari wa huko alikuwa mpole. Alisema ugonjwa umeingia mifupani na kwenye ini. Mashine za kuuchoma kwa mionzi ziko Nairobi, akazitaja kama mtu anayemtajia mkulima mvua wakati mahindi yamekwisha kukauka.

Hata hivyo kanisa likaitisha harambee ya kumpeleka. Wakati ule nguo zilikuwa zikimpwaya, na wako walionong'ona juu ya ule ugonjwa mwingine wa kukonda, ambao mwaka huo ulikuwa ukimaliza boma baada ya boma. Filister aliomba jambo moja tu: apewe nafasi ya kusema. Nairobi hakuitarajia. Aliwaza kwamba kama Mungu hakuipokea sadaka ile ya kwanza, huenda ataipokea aibu yake. Alinunua daftari jipya, akachora mistari, akaandika namba kuanzia moja hadi arobaini bila jina lolote, akafunga penseli kwa uzi, akaomba liwekwe mezani kando ya kapu la mchango. Javan alikuwa amekubali kurudi kuwapima watakaojiandika. Safari hii atasimama nje ya shuka tangu mwanzo.

Harambee ilifanyika Januari. Kanisa lilijaa. Ukoo wa Javan ulikuja na wazee sita, wakaketi mbele. Filister alishikwa mikono miwili hadi kwenye mimbari. Mbele ya wakwe zake wote alitaja titi kwa jina lake. Alisema namba moja alikuwa yeye. Alisema alikuwa mlangoni, daftari mkononi, dawa iko hatua tatu nyuma ya shuka, naye akasema hakufika. Alisema aliona haya mbele ya mkwe, na haya hiyo ndiyo inayomwua.

Alipokaa akainuka Mzee Joash, baba mdogo wa Javan, mwenye fimbo yake. Machozi yake yalikuwa ya kweli.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Siku hizi wanawake wanajivua mbele ya yeyote. Huyu mama alichagua kufa kuliko kumwaibisha mkwewe. Tulioa nyumba ya heshima. Sisi watu wa Javan tunatoa ng'ombe dume."

Kanisa zima likapiga makofi. Watu walisimama, akina mama wakapiga vigelegele huku wakijifuta macho kwa leso. Mong'ina, mweka hazina wao, ambaye mwaka uliopita alipimwa kwa sababu Filister alimfuata hadi shambani, aliinama akamnong'oneza kwamba hata yeye, kama mkwe wake angekuwa daktari, angefanya hivyo hivyo. Filister alijaribu kusema sivyo. Sauti haikutoka, na hata kama ingetoka isingesikika.

Benta alikuwa amesimama pale nyuma akipaza sauti kwamba sivyo, mkono umeinuliwa, lakini kwa makelele yale alionekana kama mtu anayeshangilia. Javan hakupiga makofi. Alikaa na mikono katikati ya magoti, akitazama sakafu.

Watu wakapanga mstari kutoa. Mmoja mmoja walipita mezani, wakaweka mchango kwenye kapu, wakamwinamia Filister kwa heshima, wakaenda. Penseli ilining'inia kwenye uzi wake. Lorine alipofika, mtoto mkononi, alisimama. Aliutazama mstari wa kwanza wa daftari, akanyoosha vidole kuelekea penseli. Kisha akageuka akawatazama wazee sita wa mbele, waliokuwa wakimtazama yeye, binti wa nyumba ya heshima. Akamhamishia mtoto mkono wa pili, akarudi kukaa.

Filister alifumba macho aombe. Alitafuta neno la kumwambia Mungu, akakumbuka kwamba mtoto alikuwa amezaliwa mzima, kama alivyoomba, na kwamba hakuwa ameomba kitu kingine.