Mafuta ya Nundu kwenye Sivi

Kila Samsam alipokata kona kushoto, gurudumu la mbele la kulia lilisaga kama mtu anayetafuna mchanga. Gari likienda moja kwa moja, kimya. Likikata kona, kra-kra-kra. Mama yake, Isnino, aliusikia mlio huo Alhamisi gari likiingia uani. Jumapili asubuhi Samsam angerudi Liboi, anakofundisha, na mwanawe Filsan wa miezi minane. Ukishapita Dadaab kuna mahali gari likikufia unapiga simu mpaka betri inaisha.

"Hooyo, usianze," Samsam akasema kabla mama yake hajafungua mdomo. "Nalipeleka kwa Kerrow."

Kibanda cha fundi Kerrow kilikuwa karibu na soko la mifugo la Garissa, ubavuni mwa meza ambapo Isnino huuza nyama ya ngamia. Samsam akaliacha gari hapo, akampeleka mtoto kuchanjwa. Kerrow akaingia chini ya gari, akatoka na uso wa mtu anayejua.

"Raba ya sivi, kile kiungo cha gurudumu, imepasuka, eeddo," akamwambia Isnino, kwa maana vijana wote wa sokoni walimwita shangazi. "Ile raba ni kama mfuko. Ndani kuna goroli za chuma, ndizo zinazozungusha gurudumu likikata kona. Sasa grisi imemwagika, mchanga umeingia. Chuma kinakula chuma."

"Basi tia grisi, badilisha raba."

"Grisi imeniishia. Raba mpaka Jumatatu. Wewe nipe mafuta hapo mezani."

"Mafuta ya nyama?"

"Mafuta ni mafuta, eeddo. Ya nundu ni mazito, yanateleza kuliko hata grisi."

Hapo ndipo mama mzima mwenye akili zake alipokosea. Kiswahili alikisoma shuleni mpaka darasa la sita, na katika Kiswahili, ya kupikia ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya gari ni mafuta. Lakini kazi yake aliijua. Miaka ishirini anapika nyirinyiri, nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa kwenye mafuta, na anajua mafuta yasipochemka vizuri yanaoza kabla ya wiki. Alijua, akanyamaza, kwa sababu anayesema ameshika spana na yeye ameshika kisu. Akakata kipande kibichi cha nundu. Kerrow akakisokomeza ndani ya raba, akaifunga kwa kitambaa cha chandarua na waya.

Mlio ukapotea. Samsam aliporudi akamshukuru fundi, na Isnino akaendelea kukata nyama.

Kufika Jumamosi asubuhi, ua mzima ulikuwa unanuka.

"Hooyo, umebeba matumbo kwenye buti?" Samsam akauliza huku ameziba pua kwa shela. Akaosha gari lote kwa sabuni ya unga. Harufu ikabaki.

Isnino akapiga magoti karibu na gurudumu la kulia. Inzi wa kijani wakamrukia usoni, mmoja akamgusa mdomo. Kile kitambaa kilikuwa kimelowa, kinadondosha maji ya kahawia, na kilikuwa kinacheza. Akatazama tena. Funza.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa amwagie maji ya moto, afunge kitambaa kingine, asiulizwe. Gari limeshanyamaza, kesho waende zao. Alilifikiria hilo akiwa bado amepiga magoti, na mtoto anacheka ndani ya nyumba. Akatapika hapo hapo, na haikuwa kwa ajili ya funza.

"Twende kwa Dubow," akamwambia Samsam.

"Gari limepona."

"Limenyamaza tu. Twende."

Dubow, fundi mzee wa upande wa daraja la Tana, hakufungua kitu. Alilipeleka gari uwanjani, madirisha wazi, akakunja usukani mpaka mwisho, akazunguka polepole, kulia kwanza, halafu kushoto. Kulia, kimya. Kushoto, mlio ukarudi, mzito, kama mfupa unaotafunwa ndani ya uji. Akapiga jeki, akatoa gurudumu, akakata waya.

Kilichoanguka kilitua mchangani kama tapishi la mbwa.

"Astaghfirullah," Dubow akasema, akarudi nyuma hatua tatu. "Nani amezika mnyama humu?"

"Kerrow," Samsam akajibu.

"Kerrow nyama kaitoa wapi?" Dubow akauliza.

Isnino akatazama viatu vyake. "Kwangu. Nilimkatia mwenyewe. Tena nilijua inaoza."

Samsam akamhamisha mtoto kutoka bega la karibu na mama yake kwenda bega la mbali. "Na ungeniacha niende?"

"Asubuhi, kidogo tu, nilitaka kukuacha."

Dubow akatafuta kijiko kikuukuu, akakiweka mbele ya Isnino. "Mimi mkono wangu siutii humo, mama. Mwenye nyama achukue nyama yake."

Isnino akakwangua. Mafuta yalikuwa ya moto, yananyumbuka, yameshikana na mchanga na vipande vya chandarua, na funza walimpanda mpaka kwenye bangili. Kijiko kilipokosa nafasi akatumia vidole. Dubow akasuuza kwa petroli, akamwonyesha: goroli zimechimbika kama meno mabovu, na kikombe kinachozishika kina ufa.

"Njia ya Liboi, hiki kingevunjika," akasema. "Injini ingenguruma, gurudumu lisiende popote."

Akafunga sivi mpya, akaijaza grisi nyeusi ya kopo, akavisha raba mpya, akaibana kwa vibanio huku na huku. Wakazunguka tena uwanjani, kushoto, usukani mpaka mwisho. Kimya.

Jumapili Isnino alikuwa ameshanawa kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu, na bado vidole vilinuka. Samsam alipokuwa anawasha gari, Filsan akamnyooshea bibi yake mikono dirishani. Isnino akaficha ya kwake mgongoni, akainamisha kichwa tu, mtoto akamshika shela. Kisha gari likatoka langoni, likakata kona kushoto, na yeye akasimama hapo anasikiliza mpaka hakukuwa na cha kusikiliza.