Ukuta Unatoka Jasho

Mshonaji alisukuma kitanda kwa goti, na ukuta ukakifuata kidogo: bamba la rangi lenye ukubwa wa sinia lilibaki limeng'ang'ania ubao. Nyuma yake palikuwa na ukungu mweusi wenye manyoya. Mama yake, aliyelala juu ya kitanda hicho hicho, alikohoa mpaka chaga zikaitikia.

"Mwambie huyo mtaalamu," alisema bibi huyo alipopata pumzi, "juzi chura alichungulia humu akaondoka. Alisema ataugua."

Mshonaji hakucheka. Daktari alishasema wazi kwamba kifua cha mama hakitavuka mvua nyingine ndani ya chumba hiki. Miezi minne amemwandama mwenye nyumba, na leo ndipo mwenye nyumba alipokubali kuleta mtu wa kupima unyevu.

Walikuja wawili ndani ya gari moja, wakimalizia kicheko cha njiani.

"Shikamoo, mama," mpimaji alimwamkia bibi.

"Marahaba, fundi."

"Mtaalamu," mwenye nyumba alisahihisha. "Fundi ni yule wa masufuria."

Mtaalamu alitoa kidude chenye meno mawili, akakigusisha ukutani. Kikalia. Akakipeleka kwenye pembe, linakopita bomba la maji machafu kutoka bafu la ghorofani kwa mwenye nyumba, kikapiga yowe kama kimeibiwa. Wakati huo huo mtu huko juu akamwaga maji. Bomba likakoroma, na pembeni pakachuruzika mchirizi mwembamba, wenye povu la sabuni.

Wote wanne waliuona. Mtaalamu alimtazama mwenye nyumba. Mwenye nyumba alitazama saa yake.

"Sasa, dada," mtaalamu alisema taratibu, akifungua fomu, "kwa maneno yako mwenyewe, ukuta huu una nini?"

"Si unauona? Unatoka jasho. Mchana kutwa, usiku kucha, unatoka jasho tu."

Kalamu ilisimama hewani kidogo. Kisha ikaandika haraka haraka, na mtaalamu akapumua kama aliyetuliwa mzigo.

"Basi tumemaliza."

"Tumemaliza nini?"

Akamgeuzia fomu. Ilikuwa na visanduku vitatu: Kuvuja. Kupanda. Jasho. Cha tatu kilikuwa na alama ya vema, na mbele yake: *kwa maelezo ya mpangaji mwenyewe.*

"Kuvuja ni bomba. Kupanda ni maji ya ardhini. Hayo mawili hushughulikiwa na mwenye nyumba," alieleza bila kumtazama. "Jasho ni mvuke wa watu. Mapishi, nguo mbichi, pumzi. Hilo ni la mkaaji."

"Kaka, mimi nimesema kama watu wanavyosema!"

"Na mimi nimeandika kama ulivyosema."

"Na bomba? Hukulisikia?"

"Sikio langu halina mhuri, dada."

Bibi akajiinua kwa kiwiko. "Baba, mimi pumzi zenyewe nazitafuta sizipati. Hizo za kulowesha ukuta nimezitoa wapi?"

Mtaalamu alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi, akaandika mstari wa mwisho, akiusoma kwa sauti: chumba cha ukubwa huu kinafaa pumzi za mtu mmoja.

"Binti yangu," mwenye nyumba alisema kwa sauti ya mzazi, "usigombane na karatasi. Hapo chini imeandikwa umesomewa na umeelewa. Weka sahihi, mwisho wa mwezi muwe mmejipunguza. Usipoweka pia sawa. Wanaokitaka chumba hiki nimechoka kuwafukuza mlangoni."

Nguo za watu zilikuwa zimelundikana juu ya cherehani. Mshonaji hakuwa na pengine pa kuipeleka cherehani, wala mama. Akaweka sahihi. Karatasi ililowa pale alipoiegemeza ukutani.

Asubuhi yake mvua ilianza. Mshonaji alikuwa ameinamia pindo la sketi aliposhtuka kwamba chumba kimekuwa kimya mno. Akageuka. Kitanda kilikuwa kitupu.

Alimkuta mama yake nje ya mlango, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, shuka limemganda mabegani, mvua ikimpiga upande mmoja.

"Mama! Ingia ndani, unalowa!"

Mwenye nyumba alikuwa anashuka ngazi na mwavuli wake. Aliinua mguu, akaivuka miguu ya bibi kwa uangalifu.

"Umeona, mama?" alisema kwa furaha. "Kumbe mambo ni kuelewana tu."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia bintiye, mkono kifuani.

"Ngoja kwanza," alisema. "Pumzi hizi za ziada nizimalizie huku."