Daftari la Kasoro

Daftari lenyewe lilikuwa la kurasa mia. Lilifungwa kamba ya katani na kuning'inizwa kwenye msumari kando ya kaunta, ili mtu asiondoke nalo. Juu ya jalada Mzee Rafaeli alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KASORO. Chini yake: Mteja, tafadhali andika ubaya wa kazi hii bila kuogopa. Lilikuwa limekaa pale miezi minane. Kurasa kumi na moja zilikuwa zimejaa, na ndani yake hamkuwa na kasoro hata moja.

"Hongera mzee wetu." "Mashaallah." "Kazi safi, Mungu akuzidishie umri." Mmoja alichora ua. Mwingine aliandika namba ya simu ya shemeji yake na kuondoka.

Rafaeli alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, ambako baba yake aliletwa kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Yeye alikuwa mpaka rangi wa shamba. Namba za matoroli, mbao za HATARI, majina ya mameneja milangoni, yote yalipita mkononi mwake. Kusoma alijifunza usiku, darasa la watu wazima, na tangu siku hiyo hakuacha; baadaye akawafundisha wengine. Miaka ya shida, rangi ilipokosekana madukani kama sabuni na sukari, alisaga makaa ya betri kuukuu na kuyachanganya na mafuta, na mbao zake zikasomeka. Kisha shamba likafa, wafanyakazi wakapunguzwa, na mkono wake nao ukaanza kutetemeka. Akishika brashi, mstari ulikwenda kama njia ya mchwa.

Ndipo Abdulhakim, Mpemba mwenye duka la vifaa vya ofisi pale Chumbageni, alipoleta kompyuta kutoka Dubai. Wakati huo mipaka ilikuwa imefunguliwa na kila mwenye jamaa nje alikuwa akishusha kitu. Rafaeli aliomba afundishwe kuitumia, na hakukuwa na wa kumfundisha. Akajifunza mwenyewe, kitabu cha Kiingereza mkono mmoja, kamusi mkono wa pili. Siku alipovuta mstari wa kwanza kwa kipanya na mstari ukanyooka toka mwanzo hadi mwisho, bila mtetemo, alitoka nje akasimama barabarani kidogo. Alikuwa amerudishiwa mkono wake.

Sasa mkono huo ulikuwa unataka kuchukuliwa tena.

"Mzee wangu," Abdulhakim alimwambia, akipanga rimu za karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa, "hii mashine haileti kitu. Siku hizi harusi karibu zote za mji huu kadi zao zinapigwa Mombasa. Shaabani ikiisha hali ni hii hii, nitamuuzia mtu wa Moshi. Ameshaiulizia."

"Kazi yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya, mzee. Nzuri sana."

"Basi kwa nini zinakwenda Mombasa?"

"Watu tu," Abdulhakim alisema, na akaingia stoo.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu za Shaabani.

Siku ile ile aliingia Bi Kazija, jirani, amekuja kutoa nakala orodha ya wageni. Alikuwa anamwoza binti yake, Tuhfa.

"Shikamoo, Mzee Rafaeli."

"Marahaba, mwanangu. Na kadi je? Tukutengenezee?"

Kazija aliikunja orodha yake mara mbili. "Kaka yangu anavuka mpaka wa Horohoro baada ya wiki mbili, mzee. Atazipiga huko huko Mombasa."

Rafaeli akamwekea mbele kadi aliyoipamba kuliko zote. Pembe nne zilikuwa na mawaridi. Juu kabisa, kwa herufi za Kiarabu za rangi ya dhahabu, kulikuwa na Bismillahi. Hiyo aliiongeza mwenyewe bila kuombwa, kwa heshima ya wateja wake. Alinunua juzuu ya watoto wanaoanza chuo cha Kurani, akajifunza alifu hadi ye kwa wiki mbili, yeye Mkatoliki wa miaka sitini, kisha akazitafuta herufi hizo ndani ya kompyuta moja moja na kuzipanga. Kila harusi ya Kiislamu aliyopewa, aliitia.

"Itazame," alisema. "Niambie ubaya wake. Sitakasirika."

Kazija aliitazama. Midomo yake ilicheza kidogo, ikatulia. "Mashaallah," alisema. "Umejitahidi mno, mzee wangu. Sisi tu hatuna makuu." Akalipia nakala zake na kuondoka, na kadi akaiacha pale pale, lakini kwanza aliiinua kutoka ukingoni mwa kaunta na kuisogeza katikati, mahali ambapo isingeanguka.

Rafaeli aliuona mkono ule. Hakujua maana yake, ila aliuona. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta mpaka saa ya kufunga akijihisi kama mtu aliyefungiwa chumbani na watu wema. Kila ukuta aliougonga ulimjibu kwa upole. Alikuwa mzee, alikuwa mgeni wa dini, na alikuwa ameifundisha nusu ya mtaa kuandika majina yao. Nani angemwambia?

Jibu lilimjia akiwa anafunga dirisha. Alikumbuka msiba wa baba yake kambini. Watu wote walilia na kumsifu marehemu, isipokuwa watani, Wazigua, ambao kwa desturi hawana mtu wa kumstahi. Walisimama mbele ya jeneza wakasema mzee yule alikuwa bahili, anakoroma, na mchezo wa bao hakuujua ila kwa kuiba kete. Yote yalikuwa kweli. Mama yake alicheka huku machozi yakimtoka.

Mtani mmoja alikuwa bado hai. Mwinyijuma, aliyekuwa mpishi wa kambi, sasa alikuwa anasomesha watoto chuo huko Kigombe.

Asubuhi Rafaeli alidandia lori lililokuwa linakwenda kuchukua nazi, kadi akiwa ameifunga ndani ya bahasha. Alimkuta Mwinyijuma barazani amevaa miwani yenye mguu mmoja.

"Mnyamwezi," Mwinyijuma alisema bila kunyanyuka, "mizigo ya kubeba imekwisha siku nyingi. Umefuata nini?"

"Nilisikia umekufa. Nimekuja kugawana vyombo."

"Sufuria moja imetoboka. Chukua, inafanana na kichwa chako."

Wakacheka, wakaulizana watoto na wagonjwa. Kisha Rafaeli akatoa kadi. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe huna adabu," alisema. "Nipe ubaya wake."

Mwinyijuma aliipokea, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Rafaeli akaogopa kwamba hata huyu ameshakuwa mpole.

"Kumbe ni wewe," Mwinyijuma alisema mwishowe.

Aliingia ndani, akarudi na gunia la sukari lililokuwa limening'inizwa darini. Akalifungua. Ndani, pamoja na kurasa zilizochanika za misahafu, zilikuwamo kadi. Mawaridi pembe nne, mawaridi pembe nne. Kazi za miezi minane.

"Hawa watu wanaalikwa harusi za mjini," Mwinyijuma alisema. "Wakirudi wananiletea. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi, haikanyagwi, wala haifungiwi maandazi. Na hii kuitundika ukutani hawawezi, kwa kuwa haisomeki. Sasa mtu aifanye nini? Ananiletea mimi nije niichome kwa heshima. Nikawa nauliza, ni kafiri gani anayenipa kazi hii? Kumbe ni kafiri wangu mwenyewe."

"Haisomeki vipi? Kila herufi nimeilinganisha na juzuu."

"Kila herufi ni sahihi. Lakini herufi zetu huanzia kuume, na hushikana mikono. Wewe umezianzia kushoto, na kila moja umeipa kiti chake, mbalimbali, kama ndugu waliogombea urithi. Ulisoma alifu na be kwa wiki mbili, ukaona umemaliza. Ungemuuliza mtoto yeyote hapa, wa miaka sita."

Rafaeli alijisogeza karibu. "Endelea," alisema.

"Naendelea, unadhani nimechoka? Maua yamejaa mpaka nimetafuta bibi harusi kama mtu aliyepotea kondeni. Herufi za namna sita kwenye karatasi moja. Jina la bwana limevaa kanzu, jina la bibi limevaa kofia ya polisi. Nimeisoma mara tatu sijui harusi ni lini. Wewe bado unapaka ukuta wa bohari, Rafaeli. Ukiona mahali peupe unaona uvivu."

Hakuna aliyewahi kumsema hivyo tangu msimamizi wake wa kwanza. Kila neno liliuma, na kila neno lilikuwa na mahali pa kulishika. Aliomba kalamu, akageuza bahasha, akaandika yote. Mkono ulitetemeka, lakini aliandika. Kisha akamwomba Mwinyijuma amwandikie ile Bismillahi kwa kalamu yake ya mwanzi, kubwa, kwenye karatasi safi.

"Nitakuandikia," Mwinyijuma alisema. "Na ile sufuria utaondoka nayo."

Aliporudi dukani, aliiweka kadi ya zamani mbele ya Abdulhakim. "Ulijua?"

Abdulhakim hakuuliza alijua nini. "Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza."

"Na ulikuwa unataka kuuza mashine."

"Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika jina langu," Abdulhakim alisema, akitazama sakafu. "Ningekwambia nini? Kuuza mashine kulikuwa kwepesi."

Rafaeli alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Kijana huyu alikuwa tayari kumnyang'anya mkono wake ili asimvunjie heshima, na katika hayo yote alikuwa amemheshimu kweli.

Wiki mbili alikaa mbele ya kioo. Kompyuta haikujua kushikanisha zile herufi, basi akaacha kuiomba iandike. Alilibandika andiko la Mwinyijuma kando ya kioo na kulichora upya kama picha, pindo kwa pindo, kuanzia kuume, akipima kwa rula. Waridi alibakiza moja. Herufi alichagua za namna moja. Majina aliyatia ya harusi ya Tuhfa, kama alivyoyasikia mtaani. Palipobaki peupe aliketi juu ya mikono yake ili asipajaze.

Kadi ilipotoka kwenye printa alimwonyesha Abdulhakim.

"Nzuri sana, mzee," Abdulhakim alisema, kwa sauti ile ile.

Rafaeli alimkazia macho. Hakuweza kujua. Alikuwa bado chumbani, na kuta zilikuwa zile zile. Zilikuwa zimebaki siku sita za Shaabani, na kaka yake Kazija alikuwa avuke Horohoro kesho yake. Akaichukua kadi, akavuka barabara, akabisha hodi.

Kazija aliishika kwa mikono miwili. Midomo ikacheza, na safari hii haikusimama. Ilikwenda kutoka kuume hadi mwisho wa mstari. Kisha akashuka kwenye majina, akakunja uso.

"Mzee, hapa umekosea," alisema. "Baba yake Tuhfa ni Khatib bin Saleh. Wewe umeandika Saleh bin Khatib. Na hili waridi limezidi, lipunguze. Na maandishi ya chini madogo, mama yangu hataona. Na bei yako ipi? Kaka yangu ana bei ya Mombasa, usinifanye mjinga."

Rafaeli alimwomba arudie, polepole. Kazija akarudia yote manne, na la tano akaongeza.

Alirudi dukani, akalishusha daftari msumarini, akafungua ukurasa wa kumi na mbili. Kwa mkono wake mwenyewe, herufi zikiyumba, aliandika tarehe, na chini yake kasoro namba moja.