Kioo Kilichotazama Paa

Tangu lile gari jeupe liletwe uani kwao kwa majaribio, Milka hakuwa na usingizi. Si kwamba hakulipenda. Alilipenda kupita kiasi, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kwenye yadi ya Mansuri, mfanyabiashara wa mjini Kyela ambaye watu wake walitoka pwani na vitambaa wakasahau kurudi, kulikuwa na magari mawili tu ambayo mfuko wa Milka na mumewe Hebroni ungeweza kuyafikia. La kwanza lilikuwa Korola, milango minne, mstari wa buluu ubavuni, viti vya kitambaa laini, na injini iliyonusa petroli badala ya kuinywa. Kasoro yake ilikuwa moja: vioo vya pembeni viling'olewa njiani kabla halijafika Kyela, na Mansuri aliapa kwamba vingine vinakuja kutoka Dar. La pili lilikuwa pikapu kuukuu yenye rangi ya tope, inayobugia petroli bila haya, lakini ikiwa na bodi pana nyuma.

Miaka michache tu nyuma, gari lilikuwa la mkuu wa wilaya na la misheni, na watu wengine wote walikuwa na miguu. Sasa ilikuwa enzi ya ruksa, kila mtu ameruhusiwa kuagiza na kuuza. Magari yaliyochoshwa na Wajapani yaliteremka mpaka huku ziwani, na mtu aliyeuza mpunga na kokoa yake kwa akili aliweza kusimama kwenye yadi na kupiga teke tairi kama tajiri. Hebroni alipiga teke matairi ya Korola mpaka Mansuri akamwomba aache. Akawapa wakae nalo hadi Ijumaa. Siku hiyo wasipolipa, kulikuwa na mtu wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, aliyelitaka kwa fedha taslimu.

Mtu wa mbali atauliza, ugumu uko wapi? Si wachukue hilo zuri linalokula kidogo, mambo yaishe? Ugumu ulikuwa mzee Anyosisye, baba yake Hebroni.

Kwa Wanyakyusa wa mtindo wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawakai chini ya paa moja, hawapishani njiani. Mwanamke akimwona mkwewe anakuja, huiacha njia na kuingia migombani mpaka apite. Si ugomvi hata kidogo, ni heshima, tena heshima nzito. Wengi walikuwa wameshaiacha, na vijana wa mjini waliicheka waziwazi. Mzee Anyosisye hakucheka, wala Milka hakucheka. Kwa miaka sita ya ndoa yake pale Ipyana, alimjua mkwewe kwa kikohozi chake, kwa mgongo wake akielekea shambani, na kwa ndizi na samaki alivyomtumia kupitia kwa mama mkwe. Hawakuwa wamesemezana hata neno.

Na gari dogo ni nini kama si chumba chenye magurudumu?

Mzee alikuwa na sauti katika jambo hili, maana ng'ombe wake wawili walikuwa ndani ya bei. Tena ni yeye peke yake katika ukoo aliyejua kuendesha gari sawasawa. Ujana wake wote aliumalizia kwenye migodi ya shaba ya Zambia akiendesha malori. Hebroni ndiyo kwanza alikuwa anajifunza, na akibadili gia, kuku wa majirani walitafuta pa kukimbilia. Kwa hiyo mzee ndiye aliyelijaribu gari, na jibu lake lilimfikia Milka kwa mdomo wa mama mkwe: gari zuri, injini safi, lakini tuchukue pikapu. Kwenye pikapu mmoja wao angekaa mbele na mwingine kwenye bodi, na dunia ingebaki mahali pake.

Hebroni alikasirika. Alisema hawezi kununua gari la kubebea heshima. Milka alinyamaza, akajichukia kwa kunyamaza kwake, kwa sababu moyoni alikuwa upande wa mumewe, na sababu yake hakuwahi kumwambia mtu.

Miaka miwili nyuma, uchungu wa mtoto wao wa kwanza ulipomshika, walimpakia kwenye keria ya baiskeli. Barabara ilikuwa tope tupu. Hebroni alisukuma, shemeji wawili wa Milka wakamshikilia huku na huku, na kabla hawajafika hospitali mtoto alikuwa ameshazaliwa kando ya barabara, hana uhai. Sasa Milka alikuwa na mimba nyingine ya miezi minane, na mvua za masika zilikuwa zimefunguka. Kila alipofumba macho alijiona amelazwa kwenye bodi la pikapu, mbingu wazi, maji yanampiga usoni. Alitaka paa na mlango unaofungwa. Alitaka mtoto huyu afike hai, na mengine yote aliyaona porojo.

Katika siku zile za majaribio walizoea utaratibu. Mzee akirudisha gari, alipiga honi mara mbili kwenye kona ya mnazi, na Milka aliingia ndani na kufunga mlango. Siku moja alichungulia kwenye ufa wa dirisha. Akamwona mzee, kabla ya kuingia uani, ananyoosha mkono na kukisukuma kile kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, kikaelekea paa. Hakutaka hata kwa bahati mbaya sura ya mkamwana wake iingie kwenye kioo. Milka aliguswa na jambo lile. Aliona haya pia, kwamba mtu anayemheshimu kiasi kile, yeye anapanga kumnyima nafasi ndani ya gari la ng'ombe wake mwenyewe.

Alhamisi Hebroni alikwenda Njisi kwa ndugu yao aliyewauzia mpunga wao, kuchukua fedha iliyobaki. Mama mkwe alikuwa Matema msibani. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mchana Milka akiwa anapepeta mchele barazani, maji yakamchuruzika miguuni. Hayakuwa ya mvua.

Alikwenda kwa jirani yake Asifiwe akishikilia ukuta, akakuta kufuli mlangoni. Kila mtu alikuwa sokoni au shambani. Alirudi, akaegemea nguzo ya baraza, maumivu yakampanda na kushuka na kumpanda tena, haraka mno. Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa mpaka akasahau kusali.

Ndipo honi ikalia mara mbili kwenye kona ya mnazi.

Miguu yake ilitaka kuingia ndani kwa mazoea. Aliikatalia. Gari liliingia uani, mzee akazima injini, akafungua mlango, akamwona mwanamke amesimama barazani. Papo hapo aligeuka akampa mgongo, akabaki amesimama kwenye mvua, kofia yake inachuruzika. Alidhani hakusikia honi. Akakohoa, kumpa nafasi ya kuondoka.

Milka hakuondoka. Alishuka barazani, akafungua mlango wa nyuma wa Korola, akajitupa kitini na kuubamiza mlango. Kisha uchungu ukamjia tena, na sauti iliyomtoka ilimweleza mzee kila kitu.

Mzee alisimama kidogo kwenye mvua. Kidogo kile kilikuwa kirefu kwa Milka. Kisha akarudi kwenye usukani, mabega yameganda, akahakikisha kioo kinatazama paa, na akaliambia gari kwa Kiswahili cha polepole, kana kwamba ndani hakuna mtu mwingine, "Wewe gari, tuna mgonjwa. Twende hospitali."

Wakaenda. Alijua kuendesha, mzee yule. Kwenye tope alilibembeleza gari, na kwenye mashimo alilipitisha taratibu hata Milka hakurushwa. Nje, mashamba ya mpunga yalikuwa ziwa moja, na barabara ilikuwa tuta jembamba linalopita katikati ya maji. Milka alilala ubavu, kisogo cha mkwewe kikiwa mbele yake, na katikati ya maumivu akawaza kwamba hajawahi kujua kwamba mzee ana kovu nyuma ya sikio.

Karibu na karavati, daraja dogo la kupitishia maji, mzee akafunga breki. Karavati halikuwapo. Maji ya mto Kiwira yalikuwa yamelibeba pamoja na kipande cha barabara, na pengo lile lilikuwa likiendelea kumeguka mbele ya macho yao. Kugeuza hakukuwezekana, tuta lilizidi upana wa gari kwa shubiri mbili tatu tu. Njia iliyobaki ilikuwa kurudi kinyumenyume mpaka njia panda ya kanisani, mwendo mrefu, halafu kuzungukia kwenye mashamba ya kokoa.

Kurudi nyuma kunataka kutazama nyuma. Vioo vya pembeni havikuwapo. Kioo cha ndani kilitazama paa. Na kiti cha nyuma kililaliwa na mke wa mwanawe, nguo zimepanda, miguu wazi, akiwa katika hali ambayo hakuna baba mkwe tangu mababu aliyepaswa kuiona. Mikono ya mzee ilishika usukani. Mkono mmoja uliinuka kuelekea kwenye kioo, ukafika nusu, ukashuka. Alishindwa. Si ukaidi, alishindwa kweli, na Milka aliona kwenye shingo yake jinsi alivyoteseka.

Mzee akateremsha kioo cha dirisha, akatoa kichwa nje kwenye mvua, akaanza kurudi kwa kutazama upande wake wa kulia peke yake. Upande wa kushoto hakuuona kabisa. Milka alijiinua kwa kiwiko, akatazama nje kwa dirisha la kushoto, na badala ya ardhi akaona maji. Tairi lilikuwa limekanyaga ukingo, na udongo ulikuwa unateremka.

"Simama!" alisema.

Gari lilisimama. Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la Milka kwa mkwewe katika miaka sita, na lilikuwa amri. Mvua ilitwanga bati. Milka alijua amevunja kitu. Alijua pia kwamba akinyamaza sasa, mtoto wake wa pili atazaliwa majini.

Mzee alirudisha kichwa ndani, akatazama mbele moja kwa moja. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Gari," aliuliza, "huko nyuma kwako kukoje?"

"Tairi la kushoto liko ukingoni," Milka alijibu. "Songa mbele hatua moja. Zungusha kulia. Sasa rudi, polepole."

Mzee akafanya hivyo. Mkamwana alipiga magoti kitini, amekumbatia mgongo wa kiti, uso ameuelekeza dirisha la nyuma, akatamka: kushoto kidogo, nyoosha, kulia, nyoosha, ngoja. Neno ngoja lilikuwa la wakati uchungu ukimshika, na mzee alingoja bila kuuliza, mpaka asikie tena "rudi". Mara moja gari liliteleza, tairi la nyuma likapiga kelele hewani, na Milka akauma kanga yake. Mzee akalikokota gari mbele, akajaribu upya. Mwanamke haoni mbele, mwanamume haoni nyuma, wakaitoa Korola tutani kwa namna hiyo mpaka njia panda.

Huko kwenye kokoa mzee alikanyaga mafuta ipasavyo.

Hospitalini, alisimamisha gari mlangoni, akapiga honi bila kukoma mpaka wauguzi wakatoka na machela. Yeye alishuka upande wake, akasogea kando, akageukia ukuta. Hata walipombeba Milka hakugeuka. Milka alipoingizwa ndani, kitu cha mwisho alichokiona ni mgongo ule ule, umelowa, na mikono iliyofumbatwa nyuma.

Mtoto alizaliwa kabla wauguzi hawajamaliza kumuuliza mama jina. Wa kike, mdogo, na alilia. Milka aliposikia kile kilio alilia naye kwa sauti, na muuguzi aliyemwambia anyamaze hakusikilizwa.

Hebroni alifika jioni, ametapakaa tope. Alimshika mtoto, akamrudisha, akamshika tena. Milka alimsimulia yote, hata lile neno "simama". Alimuuliza mumewe kama mzee amekasirika. Hebroni hakujua. Mzee alikuwa hajasema chochote tangu mchana, isipokuwa kuomba chai.

Ijumaa, Hebroni na baba yake walikwenda kwa Mansuri. Pikapu ilikuwapo bado, imeoshwa makusudi. Hebroni, kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao wiki nzima, akamwambia baba yake kwamba wachukue pikapu, yeye hana neno. Mzee akamtazama kama anayetazama dereva asiye na leseni, ambavyo ndivyo alivyokuwa. Akasema pikapu haina mtu wa kumwambia dereva kilichoko nyuma. Wakalipa Korola. Mansuri, akitaka kuwafurahisha, akasema fundi wake atakaza kile kioo cha ndani kilicholegea. Mzee akamzuia.

Jumapili walikwenda kumchukua Milka. Hebroni alikaa mbele pamoja na baba yake, na Milka akaingia nyuma na mtoto ndani ya kanga. Kioo kilitazama paa kama kawaida. Moyo wake uliporomoka kidogo, kisha akajikaripia. Alitaka nini zaidi?

Mzee hakuwasha gari. Alikaa tu, mikono kwenye usukani.

Mkono wa mzee uliinuka ukakishika kioo. Siku ile uliishia njiani, lakini safari hii haukushuka. "Gari," alisema, "kioo kikae wapi?"

Milka alielewa. Akajisogeza pembeni kabisa, akajibanza kwenye mlango, akamtoa mtoto kwenye kanga na kumwinua kwa mikono miwili katikati ya kiti, pale ambapo pangeonekana.

"Chini kidogo, tata," alisema, akimwita baba. "Kidogo tena. Hapo."

Mzee alitazama. Mtoto alipiga miayo, akakunja uso, akalala tena mikononi. Mikono ya Milka ilianza kuuma, lakini hakumshusha.

"Ndaga," mzee alishukuru kwa Kinyakyusa, na safari hii hakusema na gari. Kisha akawasha injini.