Mabati ya Mheshimiwa

Nasambu hakuwa mwanamke wa kubebeshwa picha ya mwanaume asiye mumewe. Lakini mwaka ule wa themanini na nane, mwaka wa kura za mlolongo, watu walipopiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya picha ya mgombea, alikubali kubeba ya mbunge wao, Mheshimiwa Mukhebi, kwa sababu moja tu: mabati.

Zahanati ya kijiji chao, nje kidogo ya Malakisi, ilikuwa na kuta tupu tangu uchaguzi uliopita. Mheshimiwa aliahidi paa, akashangiliwa, akapanda gari akarudi kwenye shamba lake Kitale. Tangu hapo walimwona matangani tu, tena matanga ya watu wenye majina. Mbuzi walizaa mle ndani kwa raha zao. Wanawake walibebwa kwa baiskeli hadi Bungoma, na wengine walijifungulia njiani, katikati ya mashamba ya tumbaku. Sasa kitinda mimba wake Nasambu, Dinah, alikuwa mjamzito, na mama mtu alikuwa ameapa: huyu hatazaa juu ya baiskeli.

Basi Mheshimiwa alipomjia na tabasamu lake la uchaguzi, Nasambu hakubabaika.

"Mabati kwanza, Mheshimiwa. Picha baadaye."

Mabati yakaja kwa lori kutoka Kitale, yakapigiliwa, yakang'aa. Mheshimiwa akasimama chini yake akasema wazi, "Lakini nikianguka, mama, yatarudi Kitale. Mimi sijengei wapinzani."

Kwa nini Nasambu? Kwa sababu Mheshimiwa alikuwa amepiga hesabu. Mama huyu alikuwa ameoza mabinti wengi hapo hapo kijijini. Kila binti ana mume, na kila mume ana ndugu.

"Wewe ukisimama mbele na picha yangu, wakwe zako wote watapanga mstari nyuma yako!"

"Ati wakwe zangu? Nyuma yangu?" Nasambu alimkazia macho. "Si ungeuliza mtu wa hapa kwanza?"

"Mimi ni mtu wa hapa, mama."

Kumbe! Mtu wa hapa gani asiyejua kwamba mkwe wa Kibukusu hamkaribii mama mkwe wake? Akimwona kwa mbali huiacha njia, hata kama pembeni ni miiba, na ndugu zake humfuata miibani. Ndiyo heshima yenyewe. Nasambu alifungua mdomo kumweleza, lakini Mheshimiwa alikuwa ameshaingia garini, akipungia hewa mkono.

Siku ya kura watu walijaa kwenye uwanja wa shule. Upande mmoja alisimama fundi wa baiskeli na picha ya Mwalimu Lusweti, mpinzani. Upande wa pili Nasambu, picha kifuani. Wakwe walifika, wakamwona, wakashusha kofia machoni na kugeuka. Mmoja, aliyevaa fulana ya Mheshimiwa kabisa, alizunguka katikati ya uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwishowe akajiunga na Lusweti huku amejifunika uso. Ndugu zake wakafuata. Wake zao nao wakafuata. Mstari wa Lusweti ulipita choo cha shule ukatokea barabarani. Nyuma ya Nasambu walisimama wajane wachache na mlevi mmoja aliyedhani ni foleni ya sukari.

Mheshimiwa alifika akishuka garini kwa madaha, madaha yakamwishia njiani.

"Mama! Wako wapi wakwe zako?"

"Wale pale, Mheshimiwa. Wameniheshimu."

Bwana Kipketer, msimamizi wa kura, alikohoa, akatazama mstari mrefu, akatazama mfupi, akafuta miwani. "Naona Mheshimiwa Mukhebi ameongoza," akasema. Watu wakaguna. Akamgeukia Nasambu haraka. "Wakala, si unakubali?"

Nasambu alitaka kukubali. Alitaka sana, wala hakuona aibu kutaka. Neno moja tu, na Dinah angezalia chini ya paa. Lakini wakwe zake wote walikuwa pale, wameinamisha nyuso, wakingoja kusikia kama mama wa wake zao ataongopa mchana kweupe.

"Sikubali, bana," akasema. "Mimi nyuma yangu naona mlevi."

Uwanja ukaangua kicheko. Mlevi akapunga mkono.

"Asante, mama," akasema Kipketer, akamtangaza Mukhebi mshindi.

Mshindi mwingine angesamehe. Mukhebi alikuwa mwepesi wa kusahau ahadi, lakini kicheko hakukisahau. Wiki haikuisha, lori likarudi na ngazi, na dereva wake Kimaiyo alikuwa na amri ya kung'oa bati moja moja.

Alikuta Dinah ameshikwa na uchungu humo ndani. Kimaiyo alisikia kilio, akaiteremsha ngazi aliyokwisha kuisimamisha. Mwanaume hapandi juu ya paa mwanamke akizaa chini yake. Aligeuza lori, na jioni hiyo kijiji kikapata mtoto wa kike, wa kwanza kuzaliwa chini ya bati.

Lori liliporudi, kulikuwa na mwanamke mwingine akilia. Liliporudi tena, mwingine. Hapo Kimaiyo akaanza kushuku, na safari iliyofuata alikuja bila taarifa, alfajiri. Wajawazito wote walikuwa makwao. Nasambu peke yake ndiye aliyekuwa akifagia zahanati. Alisikia ngazi ikigonga ukuta, akatupa ufagio, akajilaza kwenye mkeka.

Kilio chake kiliamsha kijiji. Kimaiyo akachungulia mlangoni, akaona mvi.

"Mama," akasema kwa upole, "hata wewe?"

"Uuwi! Nakufa mimi!" Nasambu akapaza sauti, majirani wakimiminika uani. "Niitieni aliyenipa mimba hii! Niitieni Mheshimiwa Mukhebi aje aone alichonifanyia!"

Kimaiyo alivua kofia, akawatazama watu waliojaa uani, akayatazama mabati.

"Aki ya nani," akasema, "hiyo habari mimi sipeleki Kitale."

Akafunga ngazi yake kwenye lori, akaondoka, na Nasambu akaendelea kulia mpaka gari lilipovuka mto.