Namba ya Kifua Kikuu

Mwaka 1956 nilitoka Mbeya na cheti changu cha chuo, nikapewa kazi katika maktaba ndogo ya misheni mjini Iringa. Nilitakiwa kupanga upya vitabu vya afya. Mpango wa zamani uliwekwa kabla sijazaliwa: namba 64 ilikuwa "Magonjwa Yasiyopona", na chini yake ukoma, kichaa na kifua kikuu.

Mwezi Juni kikaja kijitabu kipya kilichoeleza kwamba kifua kikuu sasa kinatibika kwa sindano na vidonge. Kukiweka 64 kungekuwa uongo. Bwana Anania, mkuu wa maktaba, akasema tungoje kamati ya misheni itoe namba mpya. Kwake kitabu kisicho na namba hakikutolewa kwa msomaji.

"Ni kama mtoto asiyebatizwa, Atuganile," alinitania. "Tunamwona, ila jina hana."

Nikacheka kwa adabu, nikakitia kwenye droo yangu.

Wiki hiyohiyo akaja Sedekia, mwinjilisti kutoka Kilolo. Mkewe, Severina, alikuwa akikohoa damu. Alitaka kujua kama ampeleke hospitali, au amwache nyumbani asije akamtesa bure kwa safari ya lori. Nikamwonyesha rafu ya 64. Alisimama mbele ya lebo ya "Magonjwa Yasiyopona" muda mrefu, kofia mkononi, wala hakufungua kitabu hata kimoja. Droo ilikuwa kando ya goti langu. Bwana Anania alikuwa meza ya pili, nami sikuzoea kusema mbele ya wakubwa. Sedekia akanishukuru, akaenda zake.

Kamati ilikaa Agosti. Nikabandika namba mpya kwenye kijitabu, na Jumamosi nikapanda lori la viazi hadi Kilolo.

Severina alikuwa amezikwa siku tisa kabla. Walimjengea kibanda chake peke yake ili watoto wasiambukizwe, na mama yake Sedekia ndiye aliyemlisha humo. Nilimkuta bibi huyo barazani na mwanawe. Sedekia akapokea kijitabu, akatazama tarehe ya kuchapwa.

"Siku ile nilipokuja, kilikuwapo?"

"Kilikuwapo, mwalimu. Kwenye droo yangu."

"Mbona hukunipa?"

"Kilikuwa hakijapata namba."

Alinitazama kama anayengoja niendelee. Bibi, ambaye hakujua Kiswahili, akauliza kitu kwa Kihehe.

"Anataka kujua kinasema nini," Sedekia alisema. "Soma, binti. Mimi nitamwambia."

Nikasoma sentensi mojamoja, naye akatafsiri kwa sauti yake ya kanisani. Nilipofika kwenye sindano, akanyamaza. Bibi akamgusa mkono. Sedekia akaniashiria nirudie, nikarudia, na safari hii akamwambia.

Bibi hakulia. Aliuliza jambo moja tu: dawa hiyo ipo Iringa tangu lini.

Nikasema tangu mwaka jana, kama kijitabu kilivyoandika. Sedekia akamgeukia mama yake, akamtafsiria na hilo.