Nani Kaijaza Diski?

Asubuhi hiyo zahanati ilifurika watu, na kompyuta ya mapokezi ilikataa kuandikisha hata mgonjwa mmoja. Diski ya seva imejaa, ilisema. Fundi wa kompyuta, mwanamke asiyependa kubishiwa, hakuona haja ya uchunguzi. Mkosaji alimjua: mdogo wa mumewe, karani wa mapokezi, aliyekuwa na picha zake humo ndani ya seva.

"Shemeji, futa mapicha yako. Sasa hivi."

"Lakini shemeji, zile picha ni za..."

"Watu wanakohoa kwenye foleni, wewe unaniletea lakini. Futa."

Karani akafuta. Wagonjwa wa mbele walimkata jicho, na fundi, Mungu amsamehe, akajisikia vizuri.

Diski haikutikisika. Picha zote zile zilikuwa punje moja katika gunia. Hapo ndipo fundi alipofanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, akatafuta faili kubwa kuliko yote. Likajitokeza faili la kumbukumbu, lile daftari ambamo hifadhidata huandika kila inachofanya, limenenepa hadi wenzake hawana pa kukaa. Karani kabonyeza. Mgonjwa kaitwa. Karani kabonyeza tena. Mamilioni ya mistari, umbea mtupu. Nani aliyeituma isimulie yote haya?

Agizo lilikuwepo, la miezi mitatu nyuma: andika kila kitu. Aliyelitoa ni yeye mwenyewe, siku aliyokuwa akisaka hitilafu. Hitilafu aliipata, akaenda zake kunywa chai, agizo akalisahau. Kweli nyani haoni kundule.

Akalizima, akalipunguza lile faili, foleni ikaanza kusogea. Kisha akaenda mapokezi, uso umemshuka.

"Shemeji, nisamehe. Aliyeijaza diski ni mimi." Alisema kwa sauti ya kufika benchi la nyuma, maana aliyemwaibisha mtu hadharani hamwombi radhi kwa kunong'ona.

"Yameisha, shemeji," karani alisema, akiendelea kuandika.

"Zilikuwa picha za nini?"

"Za harusi yenu. Ulisema simu yako haina nafasi, nikutunzie."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Na mahali pengine uliziweka?"

"Ya nini tena? Si wewe uliyeniambia kwenye seva hakuna kinachopotea?"